Paka uliyemwokota ni wa mbegu gani? Kwa nini sura peke yake haitoi jibu

Mtu akishamleta nyumbani mtoto wa paka aliyemkuta chini ya gari, mtaroni au ndani ya boksi nje ya duka, swali ambalo hakosi kuulizwa na wageni wake ni kuhusu mbegu ya paka huyo. Jirani mmoja atasema ni wa Kiajemi kwa sababu ana manyoya marefu, mwingine atasema amechanganya damu ya Kirusi kwa sababu ni wa kijivu, na simu nayo, picha ikishapigwa kwa programu ya kutambua wanyama, itatoa jina la tatu likiwa na asilimia pembeni, asilimia ambayo hulifanya jibu lionekane la kitaalamu kuliko lilivyo. Wauzaji wa wanyama mitandaoni wameuzidisha mkanganyiko huo, kwa kuwa jina la kigeni likiwekwa chini ya picha hupandisha bei, na mnunuzi hana njia rahisi ya kulihakiki. Ukweli ni kwamba karibu kila paka aliyeokotwa hana mbegu yoyote, na wala si chotara wa mbegu mbili au tatu. Wengi hulipokea jibu hilo kwa unyonge, kana kwamba paka wao ameshushwa cheo, ilhali sababu zake zimo katika historia ya paka wote.

Inafaa tuyaweke sawa maneno yenyewe kwanza. Paka wote wa nyumbani duniani, kuanzia yule anayelala kwenye kochi jijini London hadi yule anayesubiri matumbo ya samaki kwenye soko la Malindi, ni spishi moja, ambayo wanasayansi huiita Felis catus. Mbegu ni kundi dogo ndani ya spishi hiyo, ambalo watu wamelitenga na kulizalisha kwa kuchagua madume na majike wenye sifa fulani, kizazi baada ya kizazi, mpaka sifa hizo zikawa zinajirudia kwa watoto bila kubahatisha. Nasaba ni kumbukumbu iliyoandikwa ya wazazi na mababu wa paka, inayotunzwa na chama cha wafugaji. Chotara ni mtoto aliyezaliwa na mbegu mbili tofauti, au na mzazi mmoja mwenye mbegu na mwingine asiye nayo. Paka wa kienyeji ni yule ambaye wazazi wake walikutana wenyewe bila mtu kuwachagulia, kama walivyokutana wazazi wa wazazi wao.

Mfugaji wa kuku atalielewa jambo hili upesi. Kuku mweupe anayeparuaparua uani hawi Leghorn kwa sababu ya weupe wake, maana kuku wa kienyeji huangua vifaranga weupe, wekundu, weusi na wenye madoadoa katika kiota kimoja. Leghorn ni Leghorn kwa sababu ametokana na ukoo wa Leghorn unaojulikana, na weupe ni sifa mojawapo tu ambayo ukoo huo uliichagua kutoka katika rangi ambazo kuku walikuwa nazo tayari.

Kwa paka, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Mbwa walichaguliwa tangu zamani kwa ajili ya kazi, mmoja kuwinda, mwingine kuchunga, mwingine kulinda, na kwa hiyo mbwa wa mtaani katika miji mingi ya Ulaya na Marekani kweli huwa na babu au bibi mwenye mbegu. Kazi ya paka ilikuwa kuua panya, na kazi hiyo aliifanya bila kufundishwa wala kuchaguliwa. Katika kisiwa cha Kupro lilifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita, na uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wametokana na paka pori wa Mashariki ya Karibu. Tangu wakati huo wamefuata maghala ya nafaka na vyombo vya baharini hadi kila bara lenye bandari, wakizaana watakavyo.

Mbegu zimekuja mwishoni kabisa mwa safari hiyo. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka wa nasaba yalifanyika Crystal Palace, London, mwezi Julai 1871, yakiandaliwa na Harrison Weir, ambaye pia alipanga vigezo vya kuwahukumu washindani. Cat Fanciers' Association ya Marekani ilianzishwa mwaka 1906, chama kikuu cha Uingereza kikafuata mwaka 1910, na The International Cat Association ikaanza mwaka 1979. Hata leo vyama hivyo havikubaliani kuhusu idadi, kwani kimoja hutambua mbegu kama 45 na kingine hutambua zaidi ya 70. Mbegu, kwa maneno mengine, ni uamuzi wa kamati kuhusu paka waliokuwapo tayari. Zilichotwa kutoka kwa paka wa mitaani na mashambani, na si kwamba paka wa mitaani ni mabaki ya mbegu zilizotoroka.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo uko hapa kwetu pwani. Katika kaunti ya Kilifi, kati ya mji wa Kilifi na Malindi, upo msitu wa Arabuko-Sokoke, na pembezoni mwake Wagiriama wamewajua kwa muda mrefu paka wembamba, warefu wa miguu, wenye mabaka ya kahawia yanayofanana na gome la mti. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mkazi wa eneo hilo aitwaye Jeni Slater alikuta watoto wa paka wa aina hiyo katika shamba lake, akawalea na kuanza kuwazalisha. Rafiki yake, Gloria Moeldrup, aliwapeleka wachache Denmark mwaka 1984, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji wa paka, FIFe, likawatambua kama mbegu kamili kwa jina la Sokoke. Kwa kuwa walioanzisha ukoo huo Ulaya walikuwa wachache mno, wafugaji walirudi tena Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutafuta paka wengine wa kuongeza damu.

Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba Sokoke ni mnyama wa msituni aliyefugwa, na hadithi hiyo bado inasambazwa. Jeni zake zinasema vingine: ni paka wa nyumbani, ndugu wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, wakiwamo wale wa Lamu na Pate. Sasa fikiria paka wawili waliozaliwa tumbo moja katika kijiji kilicho karibu na Watamu, ambapo mmoja alisafirishwa Ulaya akaandikwa kwenye daftari na mwingine akabaki akiwinda panya. Watoto wa yule wa kwanza ni wa mbegu, na watoto wa huyu wa pili ni wa kienyeji. Damu ni ile ile, na kilichowatofautisha ni daftari. Kwa hiyo mtu wa Kilifi aliyeokota paka mwenye mabaka ya gome la mti hawezi kusema ana Sokoke, ingawa anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba Sokoke wametokana na paka kama wake.

Baada ya hayo, alama ambazo watu huzitumia kukisia mbegu zinaeleweka vizuri zaidi, kwa sababu nyingi ni matokeo ya jeni chache za zamani zinazozunguka kwa paka wote.

Rangi ya kijivu, ambayo wengi huiita ya Kirusi, hutokana na jeni moja inayofifisha weusi ukawa kijivu na rangi ya chungwa ikawa ya malai. Paka anahitaji kuirithi kwa baba na kwa mama ndipo ionekane, na ndiyo maana wazazi wawili weusi wanaweza kumzaa mtoto wa kijivu pasipo Mrusi yeyote kupita mtaani. Manyoya marefu nayo hurithiwa kwa njia hiyo hiyo: jeni ya manyoya marefu hujificha nyuma ya ile ya manyoya mafupi kwa vizazi kadhaa, na wazazi wawili wenye manyoya mafupi wakiwa nayo wote, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa na manyoya marefu. Hilo halimfanyi wa Kiajemi, ambaye hutambulika zaidi kwa uso wake bapa na pua fupi iliyorudi ndani. Na kwa vile tumemtaja, uchunguzi wa jeni umemweka huyo wa Kiajemi wa leo karibu na paka wa Ulaya Magharibi kuliko wa Iran. Mwenzake aitwaye wa Abisinia hahusiani na Ethiopia kama jina linavyodai, bali jeni zake zinaelekeza kwenye nchi za Bahari ya Hindi na Kusini Mashariki mwa Asia. Basi hata majina yaliyosajiliwa hayategemewi katika kueleza asili, sembuse yale ya kukisiwa barazani.

Rangi ya chungwa ina habari ndefu kidogo. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya chembe, ambayo jike anazo mbili na dume anayo moja pamoja na nyingine iitwayo Y. Dume akiipata, mwili wote huwa wa chungwa, na jike anahitaji kuipata kwa wazazi wote wawili ili awe hivyo, kwa hiyo paka wengi wa chungwa ni madume, ingawa wanaosema kwamba jike wa chungwa hayupo wamekosea. Jike akipata X moja ya chungwa na nyingine ya kawaida, kila chembe ya mwili wake huzima X moja na kuitumia nyingine, naye huzaliwa na mchanganyiko wa mabaka meusi na ya chungwa. Akiongezewa jeni ya madoa meupe anakuwa yule paka wa rangi tatu ambaye baadhi ya watu humwona ni wa mbegu adimu au wa bahati. Dume wa aina hii hutokea mara chache sana, takriban mmoja kati ya 3,000, na kwa kawaida huwa na X mbili pamoja na Y yake, tena huwa tasa. Mwaka 2025 timu mbili za watafiti, moja ya Japani na nyingine ya Marekani, zilichapisha matokeo yaliyoonyesha hasa sehemu ya kromosomu inayosababisha rangi hiyo, baada ya miaka mingi ya kuitafuta. Katika maelezo yote hayo hakuna mahali palipohitaji jina la mbegu.

Herufi M kwenye paji la uso ni kosa jingine linalorudiwa sana. Wapo wanaoamini kwamba ni alama ya Maine Coon, yule paka mkubwa wa kaskazini mashariki mwa Marekani. M hiyo huonekana kwa karibu kila paka mwenye milia, na milia ndiyo vazi la asili la paka, alilolirithi kwa paka pori. Milia myembamba iliyosimama ubavuni ndiyo ya zamani zaidi. Mabaka mapana yaliyojizungusha yalikuja baadaye: uchunguzi wa mabaki ya paka wa kale uliochapishwa mwaka 2017 uliyakuta kwa mara ya kwanza katika mifupa ya karne ya 14 kutoka Uturuki. Madoadoa pia ni aina ya milia iliyokatikakatika, na kuwa nayo si dalili ya mbegu ya Bengal.

Mwili mweupe wenye masikio, uso, miguu na mkia vya rangi nzito, pamoja na macho ya buluu, ndio huitwa wa Siam. Sababu yake inapendeza. Paka huyo ana jeni inayotengeneza rangi pale tu mwili unapokuwa na ubaridi kidogo, kwa hiyo sehemu za mbali na kiwiliwili hukolea na tumbo hubaki jeupe, na watoto wao, waliokaa katika joto la tumbo la mama, huzaliwa karibu weupe kabisa. Jeni hiyo pia hujificha, na inaweza kuibuka kwa mtoto wa paka wa kienyeji ambaye mababu zake wa karibu wote walikuwa wa kawaida.

Huwashangaza wengi pia kuona watoto wa tumbo moja wasiofanana hata kidogo, wakahitimisha kwamba damu ya kigeni imeingia. Paka jike akiwa katika siku za kutaka dume anaweza kupandwa na madume kadhaa ndani ya siku chache, na yai moja likarutubishwa na shume wa jirani, jingine na shume wa mtaa wa pili. Ndugu hao wana mama mmoja na baba tofauti.

Juu ya yote, mtoto wa paka ni mnyama anayebadilika kila wiki, na kukisia mbegu yake kabla hajatimiza miezi sita ni kupoteza muda. Watoto wote wa paka hufungua macho yakiwa ya buluu, na rangi ya kudumu huanza kujitokeza wakiwa na wiki sita hadi nane, hivyo macho ya buluu ya mtoto wa mwezi mmoja hayana maana yoyote. Masikio huonekana makubwa kwa sababu kichwa bado ni kidogo. Manyoya ya utotoni huwa mepesi na yaliyosimama, na wengi waliotangazwa kuwa wa manyoya marefu huishia kuwa na manyoya mafupi. Weusi wengi huzaliwa na kivuli cha milia kinachofutika baadaye. Ipo pia hali ambapo mama aliugua homa akiwa na mimba, watoto wakazaliwa na manyoya ya rangi ya fedha au kijivu cha vumbi, kisha katika miezi ya mwanzo manyoya hayo yakadondoka na rangi halisi ikatokea chini yake. Mtu aliyemwita paka huyo Mrusi atajikuta anafuga paka mweusi.

Programu za simu hazina njia ya kuyajua hayo. Zimefundishwa kwa picha za paka waliokwisha kupewa majina ya mbegu, na kwa kawaida hulazimika kuchagua jina lililo karibu zaidi hata pale ambapo jibu sahihi ni kwamba hakuna. Kwa maoni yangu zinafaa kwa mchezo wa jioni na si zaidi ya hapo.

Kipimo cha vinasaba, kinachofanywa kwa kupangusa ndani ya shavu la paka kwa kijiti chenye pamba, ni jambo la maana zaidi, lakini kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Maabara huchukua alama za jeni za paka wako na kuzilinganisha na za paka waliomo katika hifadhi yao. Ikisema anafanana na mbegu fulani kwa kiasi kadhaa, maana yake ni kufanana, na pengine ni kwa sababu mbegu hiyo ilichotwa kutoka kwa paka wa asili moja na wake. Maabara ya Chuo Kikuu cha California, Davis, kwa mfano, hutazama kwanza paka ametokana na eneo gani la dunia, kabla ya kutafuta mbegu, na miongoni mwa maeneo hayo limo la Bahari ya Arabu. Kwa paka wa Lamu, Unguja au Muscat, jibu la namna hiyo lina uzito, kwa sababu linaendana na historia ya majahazi na biashara ambayo iliwabeba watu na paka wao kwa pamoja.

Je, hakuna kabisa paka wa kuokota mwenye mbegu? Wapo, ila dhana hiyo iwe na msingi wa sifa kadhaa zilizokutana kwa paka mmoja mzima, hasa zile zisizo za kawaida mtaani, kama uso bapa kabisa, ngozi isiyo na manyoya au miguu mifupi kupita kiasi. Paka wa aina hiyo akikutwa nje ameshakuwa mkubwa, yaelekea ana mwenyewe anayemtafuta, na inafaa daktari wa mifugo ampime kuona kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Sikio lililokunjamana au mkia mfupi visikudanganye, kwani sikio huinama baada ya utitiri kulishambulia na damu kuvilia ndani, na mkia hukatwa na mlango au mbwa.

Kuna swali moja la utambuzi ambalo kwetu Afrika Mashariki ni zito kuliko la mbegu, nalo ni iwapo aliyeokotwa ni paka wa nyumbani. Wakulima wakifyeka au kuvuna hukuta watoto wa mondo, wa kanu na wa kimburu, yule paka pori wa Afrika, wakiwa wamefichwa nyasini na mama yao aliyekwenda kuwinda. Mtoto wa mondo ana masikio makubwa yaliyokaribiana juu ya kichwa, miguu mirefu, mkia mfupi na madoa meusi yanayoungana kuwa mistari shingoni. Kimburu ni mgumu zaidi kutofautisha, maana anafanana sana na paka wa kienyeji mwenye milia hafifu na hata huzaana naye, ila huwa na miguu mirefu zaidi na wekundu wa kutu nyuma ya masikio. Wanyama hawa wanalindwa na sheria, ile ya mwaka 2013 kwa Kenya na ya mwaka 2009 kwa Tanzania, na kuwafuga bila kibali ni kosa. Anayewakuta awaache walipo na aondoke karibu, kwa kuwa mama kwa kawaida hurudi, na asiporudi zijulishwe mamlaka za wanyamapori.

Kwa aliyebaki na paka wa nyumbani, kinachoweza kujulikana kwa uhakika, na kinachomsaidia mnyama, ni umri wake. Uzito hupotosha, kwa sababu waliookotwa huwa wamekonda, kwa hiyo hutazamwa meno. Meno ya utoto, ambayo ni 26, hukamilika akiwa na wiki sita hadi nane, yale ya mbele huanza kung'oka na kuota upya kwenye mwezi wa nne, na meno 30 ya ukubwani huwa yametimia kati ya mwezi wa sita na wa saba. Kutokana na umri huo hupangwa dawa za minyoo, chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, na tarehe ya kumhasi, ambayo haifai kucheleweshwa kwa sababu jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu. Kwenye kadi yake, mahali palipoandikwa mbegu, daktari ataandika kienyeji, manyoya mafupi au marefu, kisha rangi na mpangilio wa milia. Mwombe aongeze na alama zozote za pekee, kama kidole kimoja cheupe au doa la puani, kwa kuwa mtaani wapo paka wengi wa kijivu wenye milia, na siku akipotea utatakiwa kueleza ni yupi.